Foleni Nyuma ya Tausi

 

Mwishoni mwa Januari 2018, kwenye uwanja wa ndege wa Newark, jirani na jiji la New York, alifika abiria akiwa na tausi. Tausi kamili, shingo ya buluu, mkia mrefu wa kijani, ametua juu ya kitoroli cha mizigo. Jina lake Dexter. Mwenyewe alitaka kuingia naye kwenye ndege ya shirika la United, wakae pamoja kule wanakokaa abiria. Alisema tausi huyo ndiye anayemliwaza moyo, na kwamba amekwisha kumkatia tiketi ya kiti chake. Shirika likakataa. Likasema lilimweleza mara tatu kabla hajafika uwanjani kwamba mnyama wa uzito na ukubwa ule hawezi kupanda. Picha zikazunguka dunia nzima, na watu wakacheka sana.

Leo naomba tusicheke. Nyuma ya tausi yule palikuwa na foleni ya watu ambao kamera haikuwaona: kipofu na mbwa anayemwongoza, askari aliyerudi kutoka vitani na majinamizi yasiyokwisha, msichana ambaye moyo humwenda mbio hata akakosa pumzi kila mlango wa ndege unapofungwa. Hao ndio waliolipa gharama ya tausi. Nitakueleza walilipaje.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1928 kijana mmoja kipofu wa Nashville, Morris Frank, alisafiri mpaka Uswisi kwa Mmarekani mwenzake, Dorothy Eustis, aliyekuwa na shule ya mbwa huko. Akarudi kwao na mbwa jike aliyempa jina la Buddy. Mbele ya waandishi wa habari, mbwa yule akamvusha bwana wake barabara yenye magari tele jijini New York. Mwaka uliofuata, Frank na Eustis wakaanzisha The Seeing Eye, shule ya kwanza ya mbwa waongozaji nchini Marekani, ambayo ipo mpaka leo. Lakini mbwa kujua kazi lilikuwa jambo moja. Kufunguliwa mlango lilikuwa jambo jingine. Vipofu walidai miaka mingi kuruhusiwa kuingia na mbwa wao kwenye treni, hotelini, dukani na hatimaye kwenye ndege. Mwaka 1986 Marekani ikatunga sheria inayoyakataza mashirika ya ndege kumbagua abiria kwa sababu ya ulemavu wake. Kwa hiyo, msikilizaji, mbwa kulala miguuni pa kipofu ndani ya ndege si hisani ya shirika. Ni haki iliyopiganiwa.

Sheria ile ilikuwa na moyo mpana. Wakuu wa Wizara ya Uchukuzi ya Marekani walikubali kwamba ulemavu si wa macho na miguu peke yake. Akili nayo huumia. Katika mwongozo wao wa mwaka 2003 wakaeleza kwamba mnyama anayemliwaza mtu mwenye maradhi ya akili naye atahesabiwa miongoni mwa wanyama wa huduma. Hapo ndipo alipoingia huyu tunayeweza kumwita mnyama wa faraja. Abiria alitakiwa kuwa na barua ya mtaalamu wa afya ya akili mwenye leseni, isiyozidi mwaka mmoja, inayosema kwamba ana maradhi yanayotambulika na kwamba anamhitaji mnyama huyo safarini au huko aendako. Akiwa na barua hiyo, mnyama husafiri bure.

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Mbwa mwongozaji amefundishwa. Husimama ukingoni mwa barabara, hukataa amri ya bwana wake akiona gari linakuja, humpitisha kando ya shimo. Kumfundisha hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Mnyama wa faraja hatakiwi kujua kazi yoyote. Kazi yake ni kuwapo. Mwenyewe akimpapasa manyoya, moyo hutulia. Sisemi hilo ni jambo dogo. Aliyewahi kuuguliwa na mtu mwenye sonona anajua kwamba paka anayekuja kulala kifuani pa mgonjwa anaweza kumfanya ainuke kitandani siku ambayo ndugu na marafiki wameshindwa. Lakini mnyama asiyefundishwa, hata awe na upendo kiasi gani, hajui la kufanya mahali penye watu 180, kelele za injini, masikio yanayoziba na watoto wanaolia.

Niliwahi kukaa safu moja na kipofu katika safari ya ndani ya Marekani. Alikuwa mzee wa makamo, na mbwa mweusi wa aina ya labrado aliyevaa mshipi wenye mpini mgumu wa kushikia. Kabla hajaketi, mzee alimgeuza mbwa, akamrudisha kinyumenyume chini ya kiti cha mbele, makalio kwanza, kidogo kidogo, mpaka mbwa akajikunja mzima na kidevu chake kikalala juu ya kiatu cha bwana wake. Injini zikanguruma, masikio ya mbwa hayakutikisika. Kitoroli cha vinywaji kikapita, mtoto wa safu ya pili akaangusha kipande cha mkate karibu kabisa na pua yake. Mbwa akakitazama, akafumba macho. Kwa saa tatu na nusu hakutoa sauti, hakunyanyuka, hakujisaidia. Tulipotua, wengi waliokaa nyuma yetu walishangaa kumwona akitoka. Hawakujua kwamba walisafiri na mbwa.

Nilimuuliza mzee yule kama huwa anaogopa safari. Akaniambia kupaa na kutua havimtishi hata kidogo. Kinachomtisha ni mbwa wa watu wengine. Mbwa mwongozaji, alinieleza, akishambuliwa mara moja tu anaweza kuingiwa na woga usiotoka. Hapo huwa hana budi kustaafishwa, na mwenye kumtegemea hubaki hana macho hadi apatikane mwingine afundishwe, wazoeane upya. Alikuwa akisema huku mkono wake uko kichwani kwa mbwa.

Hofu yake haikuwa ya bure. Miaka ile, mlango uliofunguliwa kwa wagonjwa ulikuwa umejaa watu wazima wenye afya zao. Sababu yenyewe ilikuwa nyepesi. Kumsafirisha mbwa wa kufugwa ndani ya ndege za Marekani kulikuwa kukigharimu takribani dola 125 kwa kwenda tu, na alitakiwa akae ndani ya mkoba uliofungwa, chini ya kiti. Mwenye barua ya mtaalamu hakulipa senti, na mnyama wake alikaa huru. Basi wakatokea wafanyabiashara wa barua kwenye intaneti. Mtu hujaza fomu ya maswali machache usiku akiwa kitandani, je, huwa na wasiwasi, je, hukosa usingizi, hulipa kwa kadi, na barua yenye sahihi humfikia bila mtaalamu kumtazama usoni. Fulana ya mbwa yenye maandishi makubwa ya kuonyesha kwamba yuko kazini nayo iliuzwa huko huko. Haikuwa lazima kwa mujibu wa sheria, lakini ilimnyamazisha mhudumu wa getini.

Hesabu zikapanda. Kwa takwimu za umoja wa mashirika makubwa ya ndege ya nchi hiyo, wanyama wa faraja waliosafirishwa mwaka 2016 walikuwa 481,000. Mwaka 2017 wakafika 751,000. Maradhi ya akili hayaongezeki kwa kasi hiyo katika miezi 12, msikilizaji. Kilichoongezeka ni ujuzi wa kukwepa nauli. Watu wakaja na bata, wakaja na nguruwe. Oktoba 2018, mjini Orlando, abiria wote wa ndege moja ya shirika la Frontier walishushwa ili polisi wamtoe abiria aliyekataa kushuka na kindi wake. Chama cha wahudumu wa ndege, kilichokuwa kikiongozwa na Sara Nelson, kililalamika kwamba ndege zimegeuka Safina ya Nuhu. Nao walikuwa na haki ya kulalamika, maana wao ndio waliofuta mikojo kwenye mazulia, wao ndio walioumwa, na wao ndio waliosimama katikati ya abiria wawili wanaogombana juu ya mbwa anayebweka.

Lililo baya zaidi lilitokea Juni 2017 mjini Atlanta, ndani ya ndege ya Delta iliyokuwa ikijiandaa kwenda San Diego. Abiria aliyekaa kiti cha dirishani alishambuliwa usoni na mbwa mkubwa wa faraja aliyekuwa mapajani mwa jirani yake. Aliposhonwa, alitoka na nyuzi 28. Fikiria umebanwa hivyo, dirisha upande huu, mbwa upande ule, na hakuna pa kukimbilia. Januari iliyofuata, Delta ilitangaza kwamba matukio ya wanyama kukojoa, kujisaidia, kuuma na kushambulia ndani ya ndege zake yameongezeka kwa asilimia 84 tangu mwaka 2016.

Hapo serikali ikalazimika kuchagua. Wizara ya Uchukuzi ilitangaza mapendekezo ya kanuni mpya mapema mwaka 2020, na wananchi zaidi ya 15,000 wakaleta maoni yao. Desemba mwaka huo kanuni ikatoka, na ikaanza kutumika tarehe 11 Januari 2021. Inasema hivi: mnyama wa huduma ndani ya ndege ni mbwa, basi. Awe amefundishwa kazi mahususi inayomsaidia mwenye ulemavu, uwe wa mwili, wa hisi au wa akili. Mnyama wa faraja hana tena haki ya pekee. Shirika linaruhusiwa kumhesabu kuwa mnyama wa kufugwa, akalipiwa na kuwekwa mkobani kama wenzake. Abiria mmoja haruhusiwi zaidi ya mbwa wawili wa huduma, nao watoshe mapajani au kwenye nafasi ya miguu yake. Shirika haliwezi kumkataa mbwa kwa sababu ya aina yake tu, lakini likimwona ananguruma, anaruka watu au anajisaidia ovyo, linaweza kumkatalia. Mashirika makubwa hayakungoja. Ndani ya wiki chache tu yalitangaza kwamba wanyama wa faraja hawatapokelewa tena kwa masharti ya zamani.

Huenda unajiuliza sisi inatuhusu nini. Kanuni hii haishii kwenye mashirika ya Marekani. Inayafunga pia mashirika ya kigeni kwa safari za kuingia na kutoka nchi hiyo. Ndege ya Kenya Airways inayotoka Nairobi moja kwa moja hadi New York, safari iliyoanza Oktoba 2018, inaguswa nayo. Tena safari ile ni ya saa kama 15, na kwa safari inayofikia saa 8 au zaidi, mwenye mbwa anaweza kutakiwa kujaza fomu ya pili, akithibitisha kwamba mbwa wake hatajisaidia njiani, au akijisaidia itakuwa kwa namna isiyoleta uchafu wala madhara ya afya. Kwa hiyo wewe unayekwenda kumwona mwanao Minneapolis au Houston unaweza kabisa kukuta mbwa miguuni pa abiria wa kiti cha pili.

Najua kwa wengi wetu hilo ni zito. Wapo wanaoogopa mbwa tangu utotoni. Wapo wanaopiga chafya na kuvimba macho. Na ndugu zetu Waislamu wa mwambao, wafuasi wa madhehebu ya Shafii, wanajua kwamba mate ya mbwa hutia najisi vazi la sala. Usione aibu kulisema. Mwambie mhudumu mapema, kwa heshima, kabla ndege haijaondoka: naomba unihamishie kiti kingine. Mashirika hulifanya hilo. Lakini usidai mbwa ashushwe, maana sheria hairuhusu kumnyima kipofu safari kwa sababu jirani yake hapendi mbwa. Kuhama safu tatu kunakutosha wewe. Yeye, mbwa wake akishushwa, hana pa kuhamia.

Sasa nirudi kwa wale wa kwenye foleni. Kanuni hii haikuwaumiza waongo peke yao. Kulikuwa na watu waliokuwa wagonjwa kwelikweli, waliotibiwa na madaktari wa kweli, ambao paka au mbwa mdogo ndiye aliyewawezesha kufika kwenye mazishi ya mama zao. Hao waliamka tarehe 11 Januari 2021 wakakuta mlango umefungwa, na hawakuwa na kosa lolote. Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote huoza. Mimi naona uchungu kila nikiwafikiria, na sidhani tuna haki ya kuwapita haraka.

Hata hivyo naiunga mkono kanuni ile, na sababu yangu ni kwamba haikumfungia mlango mgonjwa wa akili. Ilimwambia: mfundishe mbwa wako. Mbwa aliyefundishwa kumwamsha askari anapoota jinamizi, au kumwegemea na kumkandamiza kwa uzito wake hofu inapompanda, ana haki ile ile ya mbwa wa kipofu, na kanuni ya sasa inawaweka sawa waziwazi. Wala si lazima apelekwe shule ya gharama. Mwenyewe anaruhusiwa kumfundisha nyumbani, ilimradi mbwa aijue kazi na atulie mbele za watu. Kipimo ni kazi, wala si maneno ya karatasi iliyonunuliwa.

Na sisi huku kwetu tunalijua jambo hili vizuri kuliko tunavyodhani. Pale Morogoro, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa Tanzania, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100 katika kazi yake yote, na mwaka 2020 akatunukiwa medali ya dhahabu ya ushujaa na shirika la Uingereza la PDSA. Mnyama ambaye majumbani tunamfukuza kwa fimbo alipewa heshima ya shujaa. Hakupewa kwa kuvalishwa fulana. Alipewa kwa sababu ya miezi ya mafunzo na miaka ya kazi, na watoto wa vijiji vya huko leo wanacheza pale alipopita.

Uongo haujakwisha, nakiri. Kishawishi kimehama tu. Waliokuwa wakinunua barua, baadhi yao sasa wanajaza fomu kwamba mbwa wao amefundishwa, ilhali hajui hata kuketi akiambiwa. Fomu yenyewe ya serikali inaonya kwamba kusema uongo humo ni kosa la jinai. Jimbo la Florida limeweka adhabu ya faini na hata kifungo kwa anayejidai ana mnyama wa huduma. California nayo, tangu Januari 2022, inamtaka mtaalamu awe amemhudumia mteja kwa siku 30 kabla ya kumwandikia barua ya mbwa wa faraja. Ni hatua njema. Lakini hakuna askari anayeweza kusimama kila geti la kila uwanja na kupima moyo wa kila abiria. Mwisho wa yote, jambo hili limeachwa kwenye uaminifu wa mtu mmoja anayeshika kalamu mbele ya fomu.

Basi nakuomba wewe, msikilizaji, na umfikishie ndugu yako aliye Marekani anayefikiri kwamba hili ni ujanja usiomdhuru mtu. Ukimpenda mnyama wako, mlipie, mweke mkobani, msafiri kwa amani. Kama unaumwa, sema unaumwa, nenda kwa daktari, na usione haya. Kama huumwi, usiivae nguo ya mgonjwa ili uokoe nauli ya mbwa. Kila unayemdanganya pale getini atamtilia shaka anayekuja baada yako, na anayekuja baada yako huenda ni yule mzee, mkono mmoja kwenye mpini wa mbwa wake, akisubiri kwa subira zamu yake ifike.